Uzi maalumu: Ukiwa kwenye dozi ya steroidi, vyakula na vinywaji gani vinagongana na dawa kweli, na vipi vinasingiziwa bure?

Dirisha la Dawa (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mfamasia, na nimeona niandike uzi huu kwa sababu swali la chakula ndilo ninaloulizwa kuliko maswali mengine yote kila ninapomkabidhi mtu pakiti ya prednisoloni. Wengi huja tayari wana orodha waliyotumiwa kwenye simu: usinywe maziwa, usile mayai, usile nyama nyekundu, usiguse machungwa. Mtu anayeifuata orodha hiyo kikamilifu hujinyima vyakula ambavyo mifupa na misuli yake inavihitaji sana katika kipindi hicho, huku akiendelea kunywa chai ya mitishamba na kula vitafunwa vyenye chumvi nyingi, ambavyo havikutajwa popote. Hilo linanisumbua, na ndiyo sababu ya uzi huu kuwa mrefu.

Kwanza tuelewane tunazungumzia dawa gani. Steroidi ninazozisema hapa ni zile za kundi la kotisoli, yaani homoni ambayo mwili hutengeneza wenyewe katika tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Dawa za kundi hili ni kama prednisoloni, haidrokotisoni, methilprednisoloni, deksamethasoni na budesonidi, na hutumika kwa pumu, baridi yabisi, magonjwa ya matumbo, ya ngozi, ya figo na mengine mengi. Hazihusiani na steroidi za kukuza misuli zinazotumiwa na baadhi ya wanamichezo. Nguvu zake pia hazilingani: miligramu 5 za prednisoloni zinakaribiana na miligramu 20 za haidrokotisoni, au miligramu 0.75 tu za deksamethasoni. Kwa hiyo mtu akikwambia "nilikuwa natumia steroidi na nilikula kila kitu", muulize ni ipi, kiasi gani, na kwa muda gani, kabla hujamfuata.

Jambo la pili, ambalo ndilo mhimili wa uzi wote, ni kwamba chakula hugongana na dawa hizi kwa njia mbili zilizo tofauti kabisa. Njia ya kwanza ni pale chakula kinapobadilisha kiasi cha dawa kinachoingia au kubaki kwenye damu. Vyakula vya aina hiyo ni vichache mno, vinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Njia ya pili ni pale chakula kinapoachia dawa kiwango chake kilekile lakini kikaongezea nguvu madhara ambayo dawa tayari inayasababisha: shinikizo la damu, sukari, kuvimba, mifupa kupungua nguvu. Hapa ndipo kwenye kazi kubwa ya kila siku, na ndipo orodha za kwenye simu zinapopotosha zaidi.

Nianze na njia ya kwanza, na ndani yake nianze na balungi.

Mwaka 1989 nchini Kanada, David Bailey na wenzake walikuwa wanachunguza kama pombe inaathiri dawa moja ya shinikizo la damu iitwayo felodipini. Ili washiriki wasitambue ladha ya pombe, waliichanganya na juisi ya balungi. Walichokikuta hawakukitarajia, kwa sababu kiwango cha dawa kwenye damu kilipanda sana, na chanzo kilikuwa juisi yenyewe. Baadaye sababu ilieleweka. Katika ukuta wa utumbo mwembamba kuna kimeng'enya kiitwacho CYP3A4, ambacho hukaa kwenye seli zile zile ambazo dawa inapita kuingia mwilini, na huivunja sehemu ya dawa kabla haijafika kwenye damu. Balungi lina kemikali ziitwazo furanokumarini ambazo hukiharibu kimeng'enya hicho moja kwa moja. Kikishaharibika hakirudi kazini, na mwili hulazimika kutengeneza kingine kipya, kazi inayoweza kuchukua siku moja hadi tatu. Ndiyo maana ushauri wa "kunywa juisi asubuhi, meza dawa jioni" haukuokoi.

Sasa, je, hili linazihusu steroidi zote? Hapana. Linaihusu zaidi budesonidi ya kumeza, ile inayotolewa kwa magonjwa ya matumbo. Dawa hii imeundwa kwa makusudi ifanye kazi ndani ya utumbo, kisha sehemu yake kubwa ivunjwe kabla ya kusambaa mwilini, kiasi kwamba kinachobaki kwenye mzunguko wa damu ni kidogo tu. Balungi likiondoa kizuizi hicho, kiasi kinachofika kwenye damu kinaweza kuongezeka takriban mara mbili, na mtu akaanza kupata madhara ambayo dawa hii ilichaguliwa ili kuyakwepa. Methilprednisoloni nayo huathirika: watu wenye afya walipopewa juisi nzito ya balungi kwa wingi, kiasi cha dawa mwilini kiliongezeka kwa karibu robo tatu. Prednisoloni, ambayo ndiyo wengi humu wanaitumia, haikuonyesha badiliko la maana. Kwa hiyo anayetumia budesonidi au methilprednisoloni ya vidonge aliache balungi kabisa kwa muda wote wa dozi, pamoja na ndugu zake wawili, furungu na danzi, ambayo yana kemikali za aina hiyo hiyo. Machungwa matamu ya kawaida hayamo katika kesi hii na yamesingiziwa kwa undugu tu.

Cha pili ni likorisi, ule mzizi mtamu ambao wengine huuita urukususu. Huonekana kwenye pipi nyeusi, kwenye chai za mitishamba za kulainisha koo au kutuliza tumbo, na kwenye baadhi ya dawa za kikohozi za asili. Katika maandishi ya pakiti hutajwa mara nyingi kwa jina la kisayansi, Glycyrrhiza glabra. Figo zetu zina kimeng'enya kinachoizima kotisoli ili isiziamuru zibakishe chumvi na maji kupita kiasi. Kemikali ya likorisi hukizuia kimeng'enya hicho. Matokeo yake ni chumvi kubaki, potasiamu kupotea kwenye mkojo, shinikizo kupanda, na moyo kuweza kupoteza mapigo yake ya kawaida. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani huonya kwamba hata mtu asiyetumia dawa yoyote, akiwa na umri wa miaka 40 au zaidi, akila gramu 57 hivi za pipi nyeusi ya likorisi kila siku kwa wiki mbili, anaweza kuishia hospitali kwa tatizo la mapigo ya moyo. Ukiongeza juu yake haidrokotisoni au prednisoloni, ambazo tayari zinasukuma upande huo huo, na ambazo likorisi inaweza pia kuzichelewesha kutoka mwilini, unaona hatari ilipo. Hiki kwa maoni yangu ndicho kitu kinachostahili kuwa juu kabisa ya kila orodha, lakini sijawahi kukiona kwenye orodha hata moja niliyoletewa dirishani.

Cha tatu si chakula hasa, ila watu wengi hukitumia pamoja na chakula: dawa za kupunguza asidi tumboni, za maji au za kutafuna. Zinaweza kupunguza ufyonzwaji wa prednisoloni, na kwa vidonge vyenye utando maalumu wa kupitiliza tumbo, huweza kuuyeyusha utando huo mapema. Acha nafasi ya saa mbili kati yake na dozi.

Mengine tuendelee nayo kadiri mnavyouliza.

Mama Pacha

Ndugu mleta uzi, asante kwa maelezo. Baba yangu mzazi ana baridi yabisi na anatumia prednisoloni ya muda mrefu. Tangu alipoanza tumemkataza maziwa kabisa, kwa sababu tuliambiwa maziwa "yanakata dawa". Je, kwa maelezo yako tulikosea?

Dirisha la Dawa

Dada, mrudishieni baba maziwa yake, isipokuwa kama ana sababu nyingine ya kuyaacha, kwa mfano tumbo kutoyapokea. Maziwa hayakati prednisoloni. Kinyume chake, dawa hii inapunguza uwezo wa utumbo kufyonza kalsiamu, inaongeza kalsiamu inayotoka kwa mkojo, na juu ya hapo inazidhoofisha seli zinazojenga mfupa. Mfupa hupungua kwa kasi zaidi katika miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, na hilo huanza kimya kimya bila maumivu yoyote, hadi siku mtu anapoinua ndoo ya maji na pingili ya mgongo ikabonyea.

Mtu mzima aliye kwenye steroidi kwa miezi mitatu au zaidi hushauriwa kupata miligramu 1,000 hadi 1,200 za kalsiamu kwa siku, ukijumlisha chakula na vidonge kama anavyo, pamoja na vitamini D ya kiasi cha yuniti 600 hadi 800. Glasi moja ya maziwa ya mililita 250 ina miligramu 300 hivi. Mtindi, samaki wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa yao, na mboga za majani za kijani kibichi husaidia kujazia. Kama daktari amempa vidonge vya kalsiamu, asivimeze kwa wakati mmoja na prednisoloni, avitenganishe kwa saa mbili kama nilivyosema kwa dawa za asidi, kwa sababu kalsiamu kabonati yenyewe ni dawa ya asidi. Muulizeni pia daktari wake kama anahitaji kipimo cha uimara wa mifupa au dawa ya kuilinda, maana chakula peke yake kwa dozi za muda mrefu mara nyingi hakitoshi.

Na dozi aimeze pamoja na chakula au mara tu baada ya kula, asubuhi. Maziwa na kitu cha kutafuna yanatosha kabisa kama hana hamu ya mlo kamili.

Msomaji Makini

Naomba kufahamishwa kuhusu chumvi. Kila daktari anasema "punguza chumvi", lakini hakuna anayesema kiasi gani, wala inapojificha.

Dirisha la Dawa

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kisichojaa, na hiyo ni chumvi yote, ya kwenye sufuria, ya mezani na ya ndani ya vyakula vya viwandani. Ukisoma pakiti iliyoandika sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa 2.5. Tuchukue mfano: pakiti ya vitafunwa imeandikwa kwamba kila gramu 100 zina sodiamu gramu 0.8. Hiyo ni chumvi gramu 2. Mtu akila gramu 100 hizo huku anazungumza, amemaliza karibu nusu ya mgao wake wa siku kabla hajakaa kula mlo wowote. Vidonge vya mchuzi, nyama za kopo, soseji, samaki wa chumvi, tambi za haraka na sosi za chupa zote ziangaliwe kwa jicho hilo.

Kuna mahali pengine ambapo hata watu makini hawapatazami, nako ni vidonge vinavyoyeyushwa kwenye maji vikatoa povu. Povu lile linatokana na chumvi za sodiamu. Kidonge kimoja cha parasetamoli ya aina hiyo chenye miligramu 500 kinaweza kuwa na sodiamu ya miligramu 400 hivi. Akinywa vinane kwa siku, ambacho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa, sodiamu ya vidonge peke yake imeshapita gramu 2, yaani kikomo chote cha siku. Vidonge vya vitamini vya povu navyo ni vivyo hivyo. Kama umevimba miguu au shinikizo limepanda tangu uanze dozi, waombe wakupe vidonge vya kawaida vya kumeza.

Steroidi zinatofautiana hapa pia. Haidrokotisoni hubakisha chumvi mwilini zaidi, prednisoloni kiasi, na deksamethasoni karibu haina tabia hiyo, ingawa shinikizo linaweza kupanda kwa njia nyingine.

Tezi Mbili

Nakubaliana na mleta uzi, lakini naomba niweke tahadhari kwa sauti kubwa kabla watu hawajaondoka na kauli moja. Mimi nina ugonjwa wa Addison, tezi zangu hazitengenezi kotisoli. Natumia haidrokotisoni na fludrokotisoni kwa ajili ya kujazia kilichokosekana, kwa kiwango cha kawaida cha mwili. Sisi watu wa namna hii tukipunguza chumvi kama wanavyoshauriwa wengine tunaweza kuanguka, kwa sababu mwili wetu unapoteza chumvi. Wakati wa joto kali au nikitoka jasho jingi, daktari wangu hunitaka niongeze chumvi. Kwa hiyo ushauri wa chumvi unawahusu wanaotumia steroidi kwa dozi kubwa kutuliza ugonjwa, si wanaorudishiwa homoni waliyoikosa.

Dirisha la Dawa

Ndugu Tezi Mbili yuko sahihi kabisa na nashukuru amelisema yeye mwenyewe anayeliishi. Isomwe hivyo: mwenye Addison, au aliyeondolewa tezi hizo, afuate maelekezo ya daktari wake kuhusu chumvi na asifuate yale niliyoandika juu. Suala la likorisi na balungi, hata hivyo, linamhusu yeye pia, kwa sababu vyote viwili vinaweza kuivuruga dozi ambayo imepimwa kwa uangalifu.

Nesi wa Wodi Saba

Naomba niongezee la sukari kutoka upande wa wodini, maana nimeliona likiwapita watu wengi. Mgonjwa anameza prednisoloni saa mbili asubuhi. Kesho yake alfajiri anapimwa sukari kabla ya kula, inaonekana nzuri, kila mtu anafurahi. Mgonjwa huyo huyo akipimwa saa kumi jioni, kifaa kinaonyesha namba ambayo inamshtua hata aliyekishika. Dawa ikimezwa asubuhi, sukari hupanda mchana na jioni, halafu hushuka usiku. Anayepima asubuhi tu haoni chochote. Kwa hiyo wenye kisukari, wenye sukari ya mpakani, na wale waliowahi kupata kisukari cha ujauzito waombe wapimwe pia baada ya mlo wa mchana au jioni, hasa wakianza dozi kubwa.

Kwa upande wa chakula, kinachoumiza zaidi ni vinywaji vitamu: soda, juisi za pakiti, chai yenye sukari nyingi, vinywaji vya kuongeza nguvu. Vinaingia haraka na havishibishi, na mgonjwa wa steroidi ana njaa ambayo si ya kawaida, kwa sababu dawa yenyewe inaichochea. Sisi huwashauri wagawe wanga katika milo yote badala ya kuurundika mlo mmoja, na mlo wa mchana ndio uangaliwe zaidi.

Dirisha la Dawa

Asante sana nesi. Naongezea kwamba njaa hiyo haitokani na udhaifu wa mtu, na wanafamilia wasimseme kwa sababu yake. Kinachosaidia ni kuwa na vitu vya kushibisha karibu: kunde, maharage, mayai, mtindi usiotiwa sukari, karanga zisizotiwa chumvi, mboga. Protini ina kazi ya ziada hapa, kwa kuwa steroidi za dozi kubwa huvunja misuli, na mtu huanza kuona ugumu wa kuinuka kwenye kiti au kupanda ngazi. Mayai na nyama vilivyopigwa marufuku kwenye zile orodha, kwa mtu asiye na ugonjwa wa figo unaohitaji kupunguza protini, ni sehemu ya tiba.

Mgeni Mpya

Nimesoma mahali kwamba steroidi zinamaliza potasiamu, kwa hiyo nimeanza kula ndizi nyingi na nimenunua ile chumvi mbadala isiyo na sodiamu. Ni sawa?

Dirisha la Dawa

Ndizi, parachichi, viazi, nyanya na maharage ni vyakula vizuri, na kwa mtu mwenye figo nzima havina tatizo. Chumvi mbadala ndiyo ninayokuomba uiweke kando kwanza. Nyingi kati yake ni kloraidi ya potasiamu. Kama una ugonjwa wa figo, au unatumia dawa za shinikizo zinazobakisha potasiamu, kama vile spironolaktoni, enalapili au losatani, potasiamu inaweza kupanda hadi kuutishia moyo. Na ukiwa unatumia dawa za kukojosha za kundi jingine, kama furosemidi, inaweza kushuka kuliko ulivyodhani. Kipimo cha damu ndicho kinachojua uko upande gani. Omba kipimwe, kisha ndipo uamue.

Mstahiki

Na pombe? Naomba jibu lililonyooka, maana wengine wanasema glasi moja tu inaua.

Dirisha la Dawa

Glasi moja haiui kwa sababu ya prednisoloni. Pombe haibadilishi kiwango cha dawa hii kwa namna ya kutisha. Inachofanya ni kuuma ukuta wa tumbo ambao huenda tayari uko hatarini, kupandisha shinikizo, kuvuruga sukari na kuongeza upungufu wa mifupa kwa wanaokunywa sana. Hatari ya kweli inajitokeza kwa yule anayemeza steroidi pamoja na dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni au aspirini. Mchanganyiko huo peke yake unaongeza hatari ya vidonda na kuvuja damu tumboni, na pombe ikija juu yake inakuwa jambo la tatu kwenye tumbo lile lile. Kinyesi cheusi kama lami, au kutapika kitu kinachofanana na unga wa kahawa, ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo. Kama unaweza kuiacha pombe kwa muda wa dozi, iache. Kama uko kwenye dozi ndogo ya muda mrefu na huna tatizo jingine, zungumza na daktari wako kuhusu kiasi.

Kahawa nayo isiachwe nje: haigombani na dawa, lakini steroidi hufukuza usingizi na kahawa hufanya hivyo hivyo. Meza dozi asubuhi, na kahawa ya mwisho iwe kabla ya adhuhuri.

Mama Pacha

Baba amekuwa pia anakunywa dawa ya mitishamba ya viungo, na anasema inamsaidia sana kuliko hata ya hospitali. Je, ina shida?

Dirisha la Dawa

Dada, kauli hiyo ya "inasaidia kuliko ya hospitali", ikitoka kwa mtu mwenye baridi yabisi, hunifanya niulize maswali mengi. Ziko bidhaa za viungo zinazouzwa kama za asili ambazo ndani yake zimetiwa steroidi bila kuandikwa. Mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu bidhaa za viungo zilizouzwa kwa majina ya Artri King na Artri Ajo King, baada ya vipimo vya maabara kukuta deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikutajwa kwenye kasha. Mzee anayetumia prednisoloni ya daktari na akaongeza kitu kama hicho anameza dozi mbili bila kujua, na akikiacha ghafla anaweza kuanguka bila mtu yeyote kuelewa sababu. Chukueni chupa au kasha lake, mlipeleke kwa daktari au mfamasia wake. Lakini msimnyang'anye na kuitupa usiku huu. Kama kweli ina steroidi na ameitumia kwa muda mrefu, kuachishwa ghafla ndiko kwenye hatari.

Mitishamba mingine ninayoitaja kwa jina ni Hypericum perforatum, inayouzwa kwa ajili ya huzuni na wasiwasi. Yenyewe hufanya kinyume cha balungi: huchochea vimeng'enya vinavyovunja steroidi, dozi ikapungua nguvu na ugonjwa ukarudi. Efedra, iliyowahi kuuzwa sana kwa ajili ya kupunguza uzito na kifua, ina efedrini, ambayo huharakisha deksamethasoni kutoka mwilini na pia hupandisha shinikizo.

Nuru ya Asubuhi

Mwanangu anatumia steroidi ya kuvuta kwa ajili ya pumu. Haya yote yanamhusu?

Dirisha la Dawa

Kwa dozi za kawaida za kuvuta, karibu yote hayamhusu, wala usimbadilishie chakula. Kinachomhusu ni kusukutua kinywa kwa maji na kuyatema baada ya kuvuta, ili utando mweupe wa fangasi usiote mdomoni. Akivuta kabla ya kula na kupiga mswaki, kazi hiyo inafanyika yenyewe.

Msomaji Makini

Kuna suala la vyakula vibichi ambalo halijaguswa.

Dirisha la Dawa

Ni kweli, na ni zito kwa walio kwenye dozi kubwa. Prednisoloni ya miligramu 20 au zaidi kwa siku, kwa wiki mbili au zaidi, huhesabiwa kuwa inashusha kinga ya mwili kwa kiwango cha kuangaliwa. Tena hupunguza homa na maumivu, kwa hiyo maambukizi ya tumbo yanaweza kukua bila dalili za kawaida. Maziwa yasiyochemshwa, jibini la maziwa mabichi, mayai yenye ute usioiva, nyama na samaki wasioiva, na vyakula vilivyopikwa vikakaa nje kwa saa nyingi viachwe. Bakteria wa Listeria wana sifa mbaya ya kuendelea kukua hata ndani ya jokofu, kwa hiyo kiporo cha jokofuni kipashwe hadi kitoe mvuke katikati na si pembeni tu. Matunda na mboga za kuliwa mbichi zioshwe kwa maji safi.

Mgeni Mpya

Swali la mwisho kwangu: baada ya kusoma yote haya nimeingiwa na hofu. Nimekuwa nikila vitu vingi ulivyovitaja. Si bora nisimamishe dawa kwanza hadi nirekebishe chakula?

Dirisha la Dawa

Ndugu yangu, hapana, na naomba wengine wote wanaofikiri hivyo wasome jibu hili. Ukishatumia steroidi kwa zaidi ya wiki tatu, tezi zako huenda zimepunguza au kusimamisha utengenezaji wa kotisoli, kwa sababu zinaona ipo ya kutosha. Ukiacha ghafla, hazirudi kazini siku hiyo hiyo; wakati mwingine huchukua miezi. Katikati hapo mtu hulegea, hutapika, shinikizo na sukari hushuka, na anaweza kufa. Hakuna chakula hata kimoja katika uzi huu kinachokaribia hatari hiyo. Endelea na dozi yako, acha likorisi leo, acha balungi kama dawa yako ni mojawapo ya zile nilizozitaja, na mengine yarekebishe taratibu. Kupunguza dozi hufanywa na aliyekuandikia, hatua kwa hatua.

Tezi Mbili

Naomba mleta uzi aeleze pia la kutapika, kwa sababu linahusu chakula na dawa kwa pamoja, na wengi hawalijui mpaka liwakute.

Dirisha la Dawa

Ukitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza, kwa kawaida dozi hurudiwa mara tumbo linapotulia, ukiwa umekula kitu chepesi. Nusu saa ikishapita, mpigie daktari au mfamasia wako akuelekeze kulingana na dawa yako. Lakini mtu wa dozi ya muda mrefu, au mwenye Addison kama ndugu yetu, akitapika tena na tena au akaharisha kiasi kwamba vidonge havikai tumboni, asisubiri kesho na wala asijaribu kujitibu kwa maji ya chumvi na sukari peke yake. Aende hospitali, na anayempeleka aseme neno la kwanza kabisa akifika mapokezi: mgonjwa huyu anatumia steroidi, dawa yake ni hii, dozi yake ni hii, na tangu saa fulani haijakaa tumboni. Huko atahitaji haidrokotisoni ya sindano, na kadiri watakavyojua mapema ndivyo atakavyochomwa mapema. Andikeni jina la dawa na dozi kwenye kikaratasi, kikae kwenye pochi au nyuma ya simu.